Swali la lugha: Je, "run" ni kukimbia?

Swali: Mimi ni mtafsiri. Niliandika "Bi huyo anakimbia kampuni yake tangu 2015", mhariri akacheka. Nikageuza kila "run" kuwa "endesha", akakata nusu yake. Hivi Kiswahili hakina neno moja linaloweza kubeba "run"?

Jibu: Hakina, na mhariri wako alikuwa na haki ya kucheka. Kitenzi "kimbia" hakikatai yambwa (kile kinachotendwa), ila kikiipata maana inageuka: kumkimbia mtu ni kumtoroka. Ndiyo maana tuna mkimbizi na kimbilio. Kwa hiyo msomaji wa sentensi yako ataelewa kwamba madeni yamemzidi bibi wa watu, kaitelekeza kampuni na kutokomea. Vivyo hivyo "anayekimbia urais" ni mtu anayeukwepa. Anayeutaka anaugombea, au anauwania.

Usijilaumu sana. Katika toleo la 1989 la Oxford English Dictionary, kamusi kubwa ya Kiingereza, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". Wahariri walipolipitia upya "run", likalipiku: walihesabu maana 645, tena za kitenzi peke yake. Neno letu moja litamezaje mzigo huo? Na sisi tunao wetu. Tunapiga simu, pasi, mswaki, magoti na kura, wala hakuna anayeumia. Mwingereza akitaka kitenzi kimoja cha kutafsiri hayo yote, atahangaika kama unavyohangaika wewe.

Dawa ni kuacha kukikodolea macho kitenzi na kumwangalia jirani yake. Ni kitu gani hicho kina-"run"? Kama ni maji, yanatiririka. Nguo inachuja. Mtu mwenye mafua anatokwa na kamasi (pua haiendi popote). Barabara inapita kando ya mto, mkataba unadumu miaka miwili, gazeti linachapisha habari, na ugonjwa unaopatikana kizazi hadi kizazi ni wa kurithi.

Sasa "endesha". Neno hili limetokana na "enda", likaongezwa kiambishi cha kusababisha: kuendesha ni kufanya kitu kiende. Lazima basi awepo mwendeshaji na awepo mwendeshwa. Gari, mashine, kampuni, mkutano, kipindi cha redio, programu ya kompyuta: vyote vinaendeshwa bila taabu. Shida inaanza pale kitu kinapokwenda chenyewe. Ukiandika "injini inaendesha", msomaji atauliza inaendesha nini. Sema inanguruma, au inafanya kazi. Hatari zaidi ni kiumbe hai kukosa yambwa: "mtoto anaendesha tangu asubuhi" hakumaanishi ameshika usukani, bali tumbo limemchafuka. Ajabu ni kwamba hata Waingereza huita hali hiyo "the runs", ingawa lugha hizi mbili hazikuambiana.

Nadhani mhariri wako alikata pia pale ulipokutana na "run out of". Hapa Kiingereza kinamfanya mtu kuwa mtenda: yeye ndiye ame-"run out", kana kwamba ni kosa lake. Kiswahili kinamweka upande wa kutendewa: ameishiwa. Fedha zimeisha, yeye ndiye kaishiwa. Unaweza pia kuanza na kitu chenyewe, "mafuta yametuishia", na mara nyingi hiyo ndiyo inayotiririka vizuri zaidi mdomoni. Kinachonikera ni "tumekimbia nje ya muda", ambayo nimeiona kwa macho yangu katika maandishi ya watu waliosoma. Muda umetuishia, basi.

Kwenye kompyuta, tofautisha mambo mawili. Programu unaiendesha, lakini amri unaitekeleza, kwa sababu amri hata kwa binadamu hutekelezwa.

Turudi kwenye sentensi yako. Usiishie kubadili "anakimbia" kuwa "anaendesha". Ukishaitaja kampuni kuwa ni yake, kampuni hiyo inajulikana, na kitenzi kinapendeza kikibeba kiambishi chake, "-i-". Mimi ningeandika: "Bi huyo ndiye anayeiendesha kampuni yake tangu 2015."