Re: Akipiga hiyo namba si watamrudisha nyumbani?
Pole sana dada. Mdogo wako, dada wa kazi huko Marekani aliyenyang'anywa pasi ya kusafiria, hatakamatwa kwa kupiga hotilaini ya usafirishaji haramu wa watu, wanaopokea sio polisi wala uhamiaji. Apige 1-888-373-7888 saa yoyote, bure, jina si lazima, aseme tu "Swahili" asubiri mkalimani aingie kwenye laini. Bosi akiwa karibu atume meseji 233733, hata Kiingereza cha kuunga, halafu aifute. Watamuuliza kwanza kama yuko salama kuongea, ndo wapange naye atatokaje na atalala wapi, polisi hawaitwi asipotaka, labda awe mtoto au maisha yake yawe hatarini. Akipata mwanasheria aulizie viza ya T, ile ya wahanga wa usafirishaji haramu, mhanga anakaa kihalali hadi miaka 4. Ila simu ya bosi asitumie kabisa, namba inabaki!