Moshi wa jirani unapomfikia mtoto wako

Kwenye nyumba nyingi za kupanga hapa Dar, vyumba vinatazamana kwenye korido moja, na kuta hazifiki kwenye paa. Mpangaji wa chumba cha mwisho akiwasha sigara usiku, moshi unapita juu kwa juu mpaka kwenye chandarua cha mtoto wako.

Mimi nalea mtoto mwenye pumu kwenye nyumba kama hiyo. Moshi ukiingia, kifua kinaanza kulia kama filimbi, na akizidiwa mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi. Mzazi, ukiona mbavu zinabonyea hivyo, achana na mafuta ya kuchua, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati ya hizo zinasababisha saratani. Ule unaofuka kwenye ncha ya sigara haupiti kwenye kichungi chochote. Unakwenda moja kwa moja kwa aliye karibu. Mtu asiyevuta, akiishi na mvutaji, hatari yake ya kupata ugonjwa wa moyo huongezeka kwa asilimia 25 hadi 30. Watoto huugua nimonia na masikio, na mjamzito anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Feni haiuondoi moshi huo, inausambaza tu. Hata mvutaji anayetoka nje, akirudi anawe na abadili shati kabla ya kumpakata mtoto.

Kazi ngumu ni kumwambia mhusika. Usigonge mlango wake usiku ukiwa na hasira, wala usimseme mbele ya wapangaji wengine. Mimi nilimfuata jirani yangu asubuhi, tukasalimiana, nikamwambia: “Kaka, nina ombi. Mwanangu ana pumu, moshi ukiingia ndani anabanwa kifua. Nakuomba ukitaka kuvuta usogee mpaka kule barabarani.” Nikamwonyesha pampu ya dawa ya pumu anayovuta mtoto. Akaipokea, akaigeuzageuza, akaniuliza inatumikaje. Tangu hapo anatoka nje.

Akiwa ni baba mkwe, usimwambie wewe. Mwombe mwenzi wako au shangazi aseme, nawe umwekee mzee kiti chake nje, mbali na mlango na dirisha. Mpangaji akikaidi, nenda kwa mwenye nyumba, kisha kwa mjumbe.

Na wewe unayevuta, mwili wako unaanza kupata nafuu mapema kuliko unavyodhani. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Ukitimiza mwaka, ile hatari ya ugonjwa wa moyo uliyokuwa nayo kwa sababu ya sigara hupungua kwa nusu hivi. Wiki za mwanzo ni ngumu kweli: usingizi unakatika, hasira ziko karibu, kwa sababu mwili unaidai nikotini, kile kilevi kilichomo kwenye sigara. Waambie wa nyumbani siku unayoanza, ili wakikuona umekuwa mkali wakuvumilie.