Povu la bia likipanda, usizibe ndoo

Mtu akinipigia simu usiku kwamba ndoo anayochachushia bia nyumbani inamwaga povu sakafuni, huwa namuuliza kwanza: mfuniko umeulegeza? Wengi huwa wameubana zaidi, tena wengine wameweka na tofali juu.

Hamira ikila sukari ya kimea hutoa kilevi, hewa ukaa na joto. Hewa ikikosa njia, mfuniko utaruka na dari itapakwa rangi upya. Kile kidude cha plastiki cha kupumulia kina tundu jembamba, na povu lenye makapi ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hulijaza upesi. Siku za mwanzo kiweke kando. Mahali pake chomeka bomba nene la mpira, kama lile la kupitisha mwanga ambalo mafundi ujenzi hupimia usawa, na ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji. Ndoo ya lita 20 usiijaze kupita lita 15.

Ila povu ni usumbufu tu. Kinachoharibu bia hapa Tanga ni joto. Hamira nyingi za ale, aina ya bia wanayopika wengi nyumbani, hupenda nyuzi 18 hadi 22, nasi wakati wa kaskazi chumba kinafika 30 bila shida, na ndani ya ndoo hupanda zaidi kwa sababu hamira yenyewe inapasha. Hapo utapata bia inayonuka ndizi mbivu na kilevi kikali kinachouma kichwa. Wa bara watakwambia funika ndoo kwa shuka bichi, uwashe feni. Kwetu pwani hewa ina unyevu mwingi, shuka halikauki, kwa hiyo halipoozi sana. Mimi naitia ndoo kwenye beseni la maji, na chupa za maji zilizoganda nabadilisha asubuhi na jioni. Anza kupooza kabla ya kutia hamira. Ikishachachamaa, kuirudisha chini ni kazi.

Kama barafu ni gharama, tafuta hamira ya kveiki ya Norwei, inafanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 35. Au subiri kusi, joto lipungue.

Wagema hutucheka, maana mnazi huchacha mtungini wazi na hakuna anayehangaika. Sawa, lakini mnazi unanyweka siku hiyohiyo. Bia inakwenda kwenye chupa, na povu kutulia si ruhusa ya kuifungia humo. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, rudia baada ya siku mbili, na namba ikiwa bado inashuka iache, kwani chupa ya kioo ikipasuka hurusha vigae.