Ana PCB, divisheni two ya pointi 10: aombe udaktari peke yake?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi? Binti yangu amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB, kapata divisheni two ya pointi 10: Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Anataka udaktari Muhimbili na hataki kusikia kingine. Jirani anasema mwongozo unataka pointi 6 tu, kwa hiyo ameshapita. Mjomba wake anasema bora akasome diploma ya utabibu. Mimi nina duka dogo la vyakula na wadogo zake wawili wako sekondari. Akikosa Muhimbili kuna chuo binafsi, na nasikia Bodi ya Mikopo inalipa kote. Tushike lipi? – Mama mzazi, Kahama

JIBU: Nzuri mama, na hongereni. PCB si tahasusi ya mchezo.

Kwanza tuziweke pointi sawa, maana jirani amechanganya hesabu mbili. Pointi 10 mnazoziona kwenye matokeo ni za Baraza la Mitihani: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Hapo 3 na 3 na 4 ni 10, na zikipungua ndiyo ufaulu unapanda. Vyuo havitumii hesabu hiyo. Kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, mambo yanageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na mwenye nyingi ndiye aliyefaulu zaidi. Kwa hesabu ya chuo binti ana 8. Udaktari unataka angalau 6, yaani D katika kila somo kati ya hayo matatu. Amevuka kwa pointi 2, si 4 kama jirani anavyodhani.

Na kuvuka huko kunampa haki ya kuomba tu. Maombi yakizidi nafasi, chuo kinawapanga waombaji kwa ufaulu na kuanza kuchukua kutoka juu. Udaktari Muhimbili unaombwa na watoto wenye A tatu, ambao kwa hesabu hii wana 15, na wenye 14 na 13 wanafuata. Kwa 8 nafasi yake pale ni finyu mno. Aombe kama roho yake iko huko, ada ya maombi ni kama shilingi 10,000 kwa chuo, lakini isiwe fomu pekee aliyojaza. Wazazi wengi bado wana picha ya ule mfumo wa pamoja ulioanza 2010, ambapo TCU ndiyo iliyowapanga watoto vyuoni. Tangu 2017 mwombaji anaomba chuo kimoja kimoja mwenyewe. Akikosa alikoomba hakuna mtu atakayemhamishia kwingine, atasubiri dirisha la pili, yaani awamu ya pili ya maombi, na kukuta nafasi za kozi za afya zimebaki chache.

Ningekuwa mimi, ningeomba vyuo vitatu au vinne, na ndani ya kila chuo nichague kozi zaidi ya moja: udaktari, halafu ufamasia, uuguzi wa shahada, maabara, na pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, udaktari wa mifugo, ambao watoto wa PCB huupita bila hata kuutazama. Mwongozo wa mwaka husika unaonyesha sifa za kila programu na idadi ya nafasi zake. Hiyo safu ya nafasi muisome vizuri, maana kozi yenye nafasi 30 na yenye nafasi 200 hazigombewi sawa.

Sasa pesa, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi kuliko kwenye udahili. Ni kweli mwanafunzi wa chuo binafsi anaweza kupata mkopo. Lakini Bodi inatoa kwa kupima uwezo wa familia na kwa viwango vyake, si kwa bei ya chuo. Tuchukue mfano: ada ni milioni 5 kwa mwaka, Bodi ikampa milioni 3 ya ada. Milioni 2 ni zako. Udaktari ni miaka mitano, kwa hiyo hiyo ni milioni 10 kutoka dukani, kabla ya nauli na kitanda, na huku wadogo zake nao wanapanda madarasa. Kaeni chini mpige hesabu hiyo kabla ya kuomba. Mkopo wenyewe hupangwa baada ya udahili, na kuna watoto wanaofika chuoni na barua ya udahili, wanafungua akaunti ya mkopo na kukuta sehemu ndogo tu ya walichotegemea. Kuacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya ada kunauma kuliko kukosa kozi mwanzoni. Na hata akipata mkopo wote, boom, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu, ya mwaka wa kwanza haimsubiri getini, hivyo awe na hela ya kula ya wiki za mwanzo.

Ajue pia kwamba ni deni. Akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Kwenye mshahara wa 1,000,000 ni 150,000. Tena baada ya miaka mitano kuna mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo hospitalini, na wako madaktari waliomaliza hayo yote ambao bado wanasubiri ajira za serikali.

Mjomba naye hajakosea, ila njia yake ina kona. Diploma ya utabibu ni miaka mitatu na inachukua watoto wa kidato cha nne, kwa hiyo miaka miwili ya PCB haitamwongezea kitu pale. Faida yake ni kwamba anatoka na kazi mkononi na anaweza kurudi kuomba udaktari akiwa na GPA, yaani wastani wa ufaulu wa diploma, ya 3.0. Lakini kwa njia hiyo mwongozo umekuwa ukidai pia angalau D za kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Kiingereza na Hisabati. Toeni cheti cha kidato cha nne mtazame Hisabati. Kama ni F, mlango huo umefungwa na mjomba aambiwe.

Wakati mnabishana hayo, kuna kazi za kufanya wiki hii. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, maana Bodi haipokei kisichohakikiwa, na majina yakipishana na ya cheti cha shule anzeni mapema habari ya kiapo kwa wakili. Namba ya mtihani ya kidato cha nne atakayojaza kwenye mkopo iwe ileile aliyojaza chuoni. Waliorudia mtihani wana namba mbili na ndio wanaonaswa hapa. Na msimwachie kijana wa steshenari afungue akaunti kwa simu yake na barua pepe yake. Mtoto akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri, na namba hiyo huja kwenye simu iliyoandikwa kwenye maombi. Nimeona mzazi akimtafuta kijana wa steshenari mji mzima siku ya mwisho ya kuthibitisha. Tumieni laini yako, mama, na usiibadilishe mpaka binti asajiliwe chuoni.