Wataalamu wakigombana, sikiliza kwanza wanagombania nini

Hapa Goma kila mtu ni mtaalamu wa volkano. Motari anakueleza magma, lile jiwe lililoyeyuka chini ya ardhi, imefika wapi, mama muuza sambaza naye ana yake. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano yetu Nyiragongo kulipuka, tuliamriwa kutoka sehemu kubwa ya mji, tetemeko juu ya tetemeko, na kwenye telefone audio zinaingia tu, moja inasema magma iko chini ya ziwa Kivu, ingine inasema ni uongo wanataka nyumba zibaki wazi waibe. Watu wakaanza kusema, kama wasomi wenyewe hawaelewani basi hawajui kitu. Mi hiyo naikataa.

Angalia ya ziwa Nyos kule Kameruni. Agosti 1986 ziwa lilitoa gazi usiku likaua watu zaidi ya 1,700, na wataalamu wakagawanyika. Haroun Tazieff, jina kubwa la volkano, yule aliyeona ziwa la lava la Nyiragongo yetu tangu 1948, alisema mlipuko umetoka kwa volkano chini. Haraldur Sigurdsson, aliyekuwa amechunguza ziwa Monoun ambako watu 37 walikufa 1984, alisema hapana, gazi lilikuwa limejikusanya ndani ya maji ya chini polepole mpaka likapanda lote mara moja. Walibishana kweli kweli. Lakini ubishi wao ulikuwa na kitu cha kupima: kama gazi linajikusanya majini, basi litajikusanya tena, nenda kapime. Wakapima miaka na miaka, likawa linaongezeka, na 2001 wakaweka bomba la kutoa gazi kidogo kidogo. Kujua lava sana hakukumpa Tazieff haki juu ya maji, ndio maana mi siogopi kuuliza mtu mwenye jina kubwa: wewe hiyo umeipima, ama unaongea tu kwa sababu unajulikana?

Na elimu si diplome peke yake. Mzee mmoja upande wa Bulengo alinionyesha mazuku, ile gazi inayolala kwenye mashimo na kuua mbuzi, aliwasha kiberiti akakishusha polepole, kufika usawa wa goti kikazimika. Akasema mtoto asipite hapa asubuhi kabla upepo haujaanza. Nikamuuliza na ziwa je, litalipuka? Akajibu, "Hiyo mimi sijui, uliza wale wenye mashini." Kwangu huyo ni mtaalamu kabisa, na jibu lake la pili ndilo lilinifanya niamini la kwanza.

Kwa hiyo ukisikia wanapingana, tafuta wanakubaliana wapi. Ziwa Kivu kwa mfano, hakuna anayebisha kwamba chini kuna metani na kaboni dioksidi nyingi sana, ubishi ulikuwa kama metani inaongezeka: utafiti wa mwaka 2005 ulisema ndiyo, vipimo vya baadaye havikuona ongezeko kubwa. Huo si uongo, ni watu wanarudi kupima kazi ya wenzao. Ila huyu wa audio anayesema ziwa litapasuka mwezi ujao, asiyetaja jina wala kina alichopima, na ukimuuliza anakasirika, huyo mfute tu na usimtumie mama yako.