Si joto, ni njia

Kaka, unasema Dar watu hawaendeshi baiskeli kwa sababu ya joto. Mbona Seville kule Hispania kiangazi joto linafika hata nyuzi 40? Kuanzia 2006 walijenga kilomita 80 hivi za njia zilizotengwa na magari, tena zinazoungana, na waendeshaji wakaongezeka mara kadhaa ndani ya miaka michache. Hapo kwenye kuungana ndipo penye kazi. Sisi tunazo njia za baiskeli kando ya mabasi ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro, tangu 2016. Lakini jana Magomeni nimekuta bodaboda zimejipanga juu yake, muuza samaki na tenga lake nyuma ikabidi ashukie kwenye lami, lori likimpigia honi mgongoni. Mwanangu ana baiskeli nzuri tu, shuleni simruhusu kwenda nayo.