Kabla ya kulipa kodi, gusa ukuta wa nyuma

Mwanza tunajisifia mawe, na haki tunayo. Lakini mawe hayohayo yalinilaza na ukungu wa ukutani karibu miaka miwili pale Igogo, kwenye chumba na sebule iliyochimbiwa ubavuni mwa mlima. Niliipenda kwa upepo wa ziwa mbele. Nyuma sikutazama.

Nilihamia Septemba, kiangazi, rangi mpya inang'aa. Vuli ikaanza. Maji yakawa yanateremka juu ya jabali, hayana pa kwenda, tofali zinayanywa. Kufika Desemba lipu nyuma ya kabati imevimba, inatoa chumvichumvi, na ukungu mweusi umepanda hadi usawa wa kitanda. Magauni yangu ya kanisani yakanuka kama gunia la dagaa lililonyeshewa.

Aliyeumia ni mwanangu, miaka minne. Usiku kucha kukohoa, kifua kinapiga miluzi. Nilimaliza dawa za mafua dukani, mpaka daktari wa zahanati akaniuliza: "Mama, mnalala wapi?" Vumbi la ukungu likivutwa huchokoza njia za hewa, na mwenye pumu hubanwa zaidi. (Ila kikohozi kikifika wiki mbili usisingizie ukuta, kapime kifua kikuu.)

Nilisugua kwa jiki, nikapaka rangi. Wiki tatu tu, umerudi. Maji yalikuwa bado yanaingia.

Fundi mmoja ndiye aliyenifundisha kuyatafuta. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa seloteipu, subiri siku mbili. Umande ukiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiwa upande wa chumba, ni mvuke wenu wenyewe: kupikia ndani, kuanika nguo sebuleni, madirisha kufungwa kwa kuogopa mbu. Huo dawa yake ni wavu na dirisha wazi. Ule wa ukutani unataka mtaro nyuma ya nyumba, uliochimbwa kushuka chini ya usawa wa sakafu, na gata. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba; ukiigharamia wewe, kubalianeni kwanza kwa maandishi ikatwe kwenye kodi. Wangu alinijibu, "Ndiyo Mwanza hii, mwanangu." Nikahama.

Siku hizi nyumba naikagua mvua ikinyesha. Naomba kabati livutwe. Ukuta mmoja ukiwa na rangi mpya peke yake, naugusa kwa kiganja. Dalali namwacha aongee, nauliza wapangaji. Hapa Nyasaka nilipo sasa, jirani hakungoja nimalize swali: "Dada, hapa hata unga hauvundi."